Fimbo Zenye Huruma

Hii si ya zamani za kale, wala si ya kesho kutwa. Ni ya nchi moja iliyo mbele kidogo ya ile unayoifikiria. Na kama umefikiria ya kwenu, sogea tena mbele, utaikuta. Ni nchi yenye amani tele. Hata majogoo yake huwika kwa zamu, na jogoo asiye na zamu hukohoa tu.

Katika nchi hiyo, kwenye mji mdogo wa Kwambutu, alikuwako matroni wa hospitali aitwaye Sikudhani Malugu. Alikuwa mwanamke mrefu. Stendi za dripu zilipokwisha wodini, yeye aliishika chupa mkononi na dawa ikashuka vizuri kwa mgonjwa, huku mkono wa pili ukimkunjia shuka jirani yake. Shida yake ilikuwa moja, nayo ni maji. Pampu ya kisima cha hospitali ilikufa, na akina mama waliokuja kujifungua wakaambiwa kila mmoja aje na ndoo yake. Basi mama anatoka kwao uchungu uko chini, ndoo iko juu, na njia ya Kwambutu unaijua, yote mawe.

Siku moja akafika binti ambaye ndoo yake ilimwagika njiani, na mtoto akatoka kwa haraka ya watoto wa siku hizi. Sikudhani akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwogesha mtoto kwa soda ya chungwa ya mlinzi wa getini. Mtoto alikuwa mzima wa afya, sina la kuongeza, ila sisimizi walimsindikiza hadi kwao, wamepanga mstari kama msafara wa harusi.

Bibi wa yule mtoto hakugomba. Alisema tu, "Matroni, safari ijayo tumwogeshe kwa nini? Chai?" Akaondoka zake.

Neno lile lilimkaa Sikudhani kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa kwamba ataitafuta pampu kwa udi na uvumba. Na pampu inakoombwa kila mtu alikujua. Katika nchi ile pampu, daraja, dawati, hata chaki, vyote huombwa kwenye mchezo wa gofu.

*

Chanzo chake kilikuwa hivi. Mtukufu Kiongozi, baba wa taifa na mjomba wa mataifa jirani, alisafiri ng'ambo kwenda kuomba misaada, akakuta wenyeji wake hawazungumzi mambo ndani ya nyumba. Wanatembea kwenye nyasi, wanapiga kijipira kwa fimbo, wanakifuata, na huko njiani ndiko wanakogawana dunia. Naye akapewa fimbo, nyembamba kama ya wenyeji wake. Akapiga. Mpira ukarudi nyuma, ukavunja taa ya gari lake mwenyewe. Akapiga tena, ukampata balozi wake. Wenyeji wakatabasamu kwa adabu. Mtukufu alirudi nyumbani na fedheha, balozi akarudi na bandeji.

Hakukaa. Akamwita muuza fimbo wa huko huko aje Ikulu na mali yake yote. Mgeni yule, mtu wa biashara asiyejua mila zetu, alimtazama Mtukufu akiipiga hewa, kisha akatoa begini fimbo za namna nyingine. Kichwa cha kila moja kipana kama kata, uzito wote umekaa chini, mpini mwepesi unaopinda kidogo kama fito mbichi. Akasema kwa lugha yake, "Hizi ni za anayeanza, na za mtu ambaye mkono wake haujatulia. Ukikosea, fimbo inakuhurumia. Ukiupiga mpira ovyo, wenyewe unajitafutia katikati."

Mkalimani akameza mate. Akawafikiria watoto wake, akamfikiria na mama yao, kisha akatafsiri, "Anasema, Mtukufu, fimbo hizi hazijapata kushikwa na binadamu. Zilikuwa zikikungoja."

Mtukufu akapiga. Mpira ukaruka, ukanyooka, ukatua uani mbele ya jiko, na Baraza zima la Mawaziri likapiga makofi mpaka wapishi wakadhani wameitwa. Siku ya pili ikatoka sheria. Fimbo zile pana zikaitwa Fimbo za Mabingwa, zishikwe na wakubwa peke yao. Na zile nyembamba kama kisu cha kinyozi, ambazo huko ng'ambo hata wataalamu waliozeekea uwanjani huzishika kwa kusali, zikaitwa Fimbo za Wanaoanza, wagawiwe wananchi. Tangu hapo mkubwa akikosea fimbo inamfichia, na mdogo akikosea fimbo inamshtaki. Watu walisema ni haki, kwa sababu iliandikwa.

Kisha Mheshimiwa Bakiri Mtengeti, Waziri wa Maombi na Nyasi, akazungumza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mlikuwa mkipanga foleni maofisini. Foleni ni mabaki ya ukoloni. Mkoloni alipenda kuwaona mmesimama. Sisi tunapenda kuwaona mkitembea. Kuanzia sasa mwananchi atapiga mpira wake, nami nitapiga wangu, na katika kuifuata mipira yetu, bega kwa bega, mwananchi atanieleza shida yake. Serikali imekuja ubavuni penu. Lenu ni moja tu, kupiga sawa."

Ikaonekana ni njia nyepesi. Aliyeunyoosha mpira alitembea na Waziri na kusema lake. Ambaye mpira wake uliingia porini alitakiwa kuingia kuutafuta mpaka aupate, maana mpira ni mali ya umma, na Waziri hangoji mtu. Mganga mkuu wa Kwambutu, Daktari Mbaruku Nyange, alikwenda kuiombea pampu hiyo hiyo wakati wa mvua za mwaka jana. Mpira wake uliingia porini. Hajarudi. Mshahara wake unatoka kama kawaida, na kibao chenye jina lake hupanguswa vumbi kila Ijumaa kwa heshima.

Sikudhani aliyajua yote hayo. Akavua aproni, akafunga kilemba, akaenda zake kuchagua fimbo.

*

Duka la Taifa la Fimbo lilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia na milango kadhaa ya kutolewa. Mwuzaji wake aliitwa Tambaza, bwana mmoja mpole, mwenye sauti ya mtu anayesoma tanzia.

"Karibu, mama. Nikupe za hatua gani?"

"Kaka yangu, mimi sijashika fimbo hata ya kuchungia mbuzi. Nipe za mtu asiyejua."

Tambaza akatazama mlangoni. "Taratibu, mama. Nchi hii haina mtu asiyejua. Ilikwisha kutangazwa kwamba sote tumeshajua. Sema, mimi ni mwananchi wa hatua ya kwanza."

"Haya. Mimi ni mwananchi wa hatua ya kwanza."

"Hongera sana," akasema Tambaza, akaburuta kutoka stoo begi zito kama maiti ya tajiri.

Sikudhani akachungulia ndani. Fimbo zilikuwa tele, zimebanana kama kuni sokoni, na zote nyembamba. "Hizi zote za nini? Mtu anayeanza si angetosheka na chache, azizoee?"

"Huko kwingine ndivyo. Hapa anayeanza anapewa zote, asije akasema alinyimwa."

"Nitajuaje ipi ni ya wapi?"

"Utajua ukishajua."

Akachomoa moja, akaisimamisha. Mpini ukamwishia gotini. Akajikunja mpaka mgongo ukalia, na bado kichwa cha fimbo kilikuwa kinaning'inia hewani.

"Hii ni ya mtoto, kaka."

"Ni ya matroni daraja la pili. Wenzetu wa ng'ambo wanampima mtu mwili ndipo wanamkatia mpini. Sisi tunapima cheo. Katibu Mkuu, yule mfupi, ya kwake ni ndefu mpaka anaishika akiwa amesimama juu ya kigoda, na kigoda kina dereva wake."

Nyuma ya Tambaza, kwenye kabati la kioo lenye pazia la kijani, Sikudhani aliona fimbo zimelazwa juu ya velveti, vichwa vipana, vinang'aa kwa kushiba.

"Na zile?"

Tambaza akashusha sauti. "Zile zina huruma."

"Basi ndizo zangu. Si nimekwambia sijui?"

"Zile hutolewa kwa aliyefuzu, mama. Unakuja hapa uani, unapiga kwa hizi nyembamba mbele ya kamati. Ukiunyoosha mpira, unapewa zile pana."

"Ngoja nikuelewe. Nikishaweza, ndipo nitapewa za kunisaidia niweze?"

"Umelishika vizuri. Wengi hulirudia mara nyingi."

"Na nisipoweza?"

"Utaendelea na hizi ngumu mpaka uweze. Serikali haimkatii mtu tamaa."

Sikudhani akacheka. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake, akanyamaza. Tambaza alikuwa anaitazama meza.

"Mke wangu alijifungulia kwako," akasema polepole. "Alikuja na ndoo mbili. Nilimwambia, unajitesa. Akanijibu, moja ni ya atakayekuja hana."

"Namkumbuka. Mwembamba hivi, alikuwa anaimba."

"Ndiye." Tambaza akavuta pazia la kijani, akatoa fimbo moja kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. "Njoo uani. Mara moja tu, na hukuishika."

Uani Sikudhani aliifyatua kama anayemfukuza nyoka jikoni. Hakuipiga vizuri, hata yeye aliona. Alipiga nusu ya mpira na nusu ya ardhi. Lakini mpira ulipanda, ukatulia hewani kama umekumbuka kitu, ukashuka katikati kabisa ya ua, ukakaa. Mwili mzima ukamsisimka. Haikuwa kama amepiga. Ilikuwa kama amesamehewa.

"Ndivyo wanavyoishi kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Hata wakiwa wamelewa."

Tambaza akaifuta alama za vidole kwa pindo la shati, akairudisha chini ya velveti, akafunga kabati. "Ningekuwa na uwezo ningekupa, dada. Hata mimi sijui nalinda nini."

Sikudhani akajitwika begi la fimbo nyembamba, akatoka kwa mlango wa kutolewa.

*

Uwanja wa Taifa ulikuwa mzuri kupita kiasi. Nyasi zake hunyeshewa asubuhi na jioni kwa mipira ya maji yanayoruka juu na kuzunguka, na Sikudhani, alipoyaona yale maji yakimwagikia majani, ilimbidi ageuze uso. Pembeni kulikuwa na pori zito. Kila mti wa karibu ulifungwa spika, ili mazungumzo ya Waziri na wananchi yasikike nchi nzima na kuwafaa wasiojiweza.

Mheshimiwa Mtengeti alikuja akiwa na wakurugenzi wawili waliombebea begi, mmoja kila upande, wamevaa suti. Nyuma yao alitembea Bwana Chambuso, Afisa Mipaka, na mzigo wa vigingi vyeupe kwapani kama muuza miwa. Kazi yake ilikuwa kuonyesha uwanja unaishia wapi na pori linaanzia wapi.

Desturi ya pale ni kwamba mdogo hupiga kwanza. Mkubwa hupiga wa mwisho, ili asipitwe na mtu; na ikitokea mpira wa mdogo umekwenda mbele zaidi, askari huurudisha nyuma, humwomba radhi Waziri kwa niaba ya mpira.

"Nani huyu?" akauliza Waziri.

"Matroni wa Kwambutu, Mheshimiwa," akajibu mkurugenzi wa kulia.

"Ana shida gani?"

"Bado hajapiga, Mheshimiwa."

"Kweli. Piga, mama."

Sikudhani akajikunja. Akapiga. Ulisikika mlio wa sahani inayovunjika, viganja vikamwaka moto, na mpira ukaondoka kwa ubavu kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Ukaingia porini.

"Pole," akasema mkurugenzi wa kushoto.

Waziri akapiga wake kwa mkono mmoja, mkono wa pili akijikuna. Ukanyooka. Akaufuata peke yake, anajihutubia, na spika zikawa zinamwitikia.

*

Porini palikuwa na mji. Usiniulize nimejuaje, jambo likishakuwa kubwa hivyo linajulikana lenyewe. Njia zilifagiliwa, mahindi yalipandwa, mbuzi walifungwa. Mkuu wa barabara wa jimbo fulani, aliyekuja kuomba daraja, alikuwa amejenga daraja la magogo la kupendeza sana, ila mto hakuna, watu wakilipanda Jumapili kwa matembezi. Waliokuja wapweke walishaoa. Mwenyekiti wa mji huo, mwenye ndevu mpaka kifungo cha pili cha koti jeupe lililogeuka kahawia, alikuwa Daktari Mbaruku Nyange.

"Matroni," akasema, kana kwamba wameachana jana wodini. "Karibu. Umekuja na mpira au umekuja kutafuta?"

"Kutafuta, Daktari."

"Basi ingia kundi la asubuhi. La jioni limejaa wahandisi, hawasikilizi."

"Daktari, pampu."

Daktari akalitamka lile neno polepole, kama mtu anayeonja chakula cha utotoni. "Pampu. Bado haijatengenezwa?"

"Si wewe uliyekuja kuiombea?"

"Ndiyo. Ndiyo niliyokuja nayo." Akasugua macho. "Akina mama wanaogea nini?"

Sikudhani akamweleza habari za soda na sisimizi. Watu wengine walioisikia walicheka, Daktari hakucheka. Mikono yake ilianza kujisugua yenyewe kwa yenyewe, vile wanavyonawa madaktari kabla ya upasuaji, hewani, bila maji.

Karibu na kibanda chake kuku mmoja mwekundu alikuwa ameatamia. Sikudhani, ambaye mikono yake imezoea kuingia pasipoonekana, akampapasa kuku chini ya tumbo na kuivuta mipira mitatu, minne, ya gofu, yenye joto. Mmoja ulikuwa na herufi za Sikudhani mwenyewe.

"Na huu hapa una herufi zako, Daktari. Umo humu humu mlangoni kwako."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu mwezi wangu wa kwanza humu. Lakini mimi ni mwenyekiti, dada. Nikiutoa mwenyewe, watasema nimejipendelea. Niliunda kamati ya kulitazama suala hilo." Akamtazama kuku kwa majonzi. "Kamati inasubiri atotoe."

Sikudhani akamshika mkono mtu yule aliyewahi kumwona akipasua tumbo kwa mwanga wa tochi na mtoto akalia. "Siku ukimwona Waziri, mimi nikiwa sipo, utasema?"

"Najizoeza kila asubuhi kabla ya mswaki," akasema Daktari. "Neno lenyewe ni moja. Pampu. Nitalisema hata nikiwa nimelala."

*

Alipotoka porini akamkuta Waziri bado yuko shimo la pili. Shimo la kwanza lilichelewesha, kwa kuwa mpira ulipotumbukia Waziri alilihutubia shimo.

"Yule mama amerudi," akasema Waziri kwa mshangao. "Huwa hawarudi. Mpeni nafasi."

Sikudhani akasimama mbele ya mpira. Mgongo ulikataa kujikunja tena. Akaitazama ile fimbo fupi yenye wembe, akafikiri, mimi kitu cha urefu huu nakijua wapi? Akakumbuka brashi ya mpini mfupi ya kupigia deki. Basi akapiga magoti, vile anavyopiga magoti kila alfajiri kwenye sakafu ya leba, akauegemea mkono wa kushoto, akaifagia fimbo taratibu chini kwa chini, bila hasira, kama anayesogeza damu ya mtu isimfikie mwingine.

Mpira ukanyooka.

Haukuruka sana. Ulitambaa juu ya nyasi, ukapita katikati ya uwanja, ukaenda mahali pa kutosha kwa mtu wa daraja lake, ukakaa.

"Mmeona?" akasema Waziri, na spika zikasema nchi nzima, mmeona. "Mama huyu amepiga magoti mbele ya mchezo. Hiyo ndiyo adabu niliyoihubiri. Wengine mnapiga mmesimama kama wezi wa maembe. Mama huyu nitatembea naye. Huyu ana neno la kuniambia."

"Ninalo, Mheshimiwa," akasema Sikudhani. Aliinuka, akajipangusa magoti. Neno alilokuwa nalo alilifunga ulimini lisiponyoke: pampu, Mheshimiwa, pampu ya kisima, akina mama. Hatua chache tu. Waziri apige, waondoke wote wawili.

Waziri akachukua Fimbo ya Bingwa, akaiinua. Hapo nzi akamtua sikioni.

Fimbo zile zina huruma kweli, lakini hata huruma ina mwisho wake. Mheshimiwa alizunguka mzima mzima, akampiga nzi kwa fimbo na mpira kwa kiatu, na mpira ukaondoka kwa ubavu, ukapenya majani, ukaingia porini.

Wakurugenzi wote wawili wakatazama mawinguni kutafuta dalili za mvua. Askari akajifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Spika zilikohoa. Bwana Chambuso peke yake ndiye aliyejua kazi yake. Alikimbia na mzigo wake wa vigingi, jasho linamtoka, akaving'oa vyote vilivyokuwa ukingoni mwa pori, akavichomeka upya kwa upande wa pili, akapiga kila kimoja nyundo, akarudi akahema mbele ya Waziri.

"Mheshimiwa, mpira wako uko katikati ya uwanja."

Spika zikatangaza, "Wananchi mnajulishwa kwamba pori la zamani limeendelezwa na sasa ni uwanja. Uwanja wa zamani sasa ni pori. Mnatakiwa kuwa watulivu."

Waziri akatikisa kichwa kwa unyenyekevu, akavuka kuingia kwenye miti. Sikudhani akamfuata. Bwana Chambuso akamwekea mkono mbele.

"Mama, mpira wako umeingia porini."

"Mpira gani, baba? Ule pale, unaonekana. Ule mweupe."

"Ulioingia porini hutafutwa."

"Nautafutaje nao nauona?"

Chambuso hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa. "Sikiliza, mama. Porini mpira hauonekani. Ndiyo maana pakaitwa porini. Ukisema unauona, utakuwa unasema kwamba hauko porini. Na kama hauko porini, basi vigingi vya Mheshimiwa vimekosewa. Unataka kusema vigingi vya Mheshimiwa vimekosewa?"

Sikudhani akafungua mdomo. Kwenye ukingo wa miti askari wawili waligeuka kumtazama. Akaufunga.

Akatembea mpaka kwenye mpira wake. Akainama. Nyasi zilikatwa jana, fupi kama ndevu za siku mbili, na mpira ulikaa juu yake kama yai juu ya meza. Akaanza kuzipekua zile nyasi, jani kwa jani.

Ndipo spika ya juu yake ikakwaruza. Ikasikika sauti ya Waziri. "Na ninyi wenyeji wa hapa uwanjani, mwenyekiti wenu nani?"

"Mimi, Mheshimiwa. Daktari Nyange. Wa Kwambutu."

Vidole vya Sikudhani vikasimama. Akawaza, mtu yule ameona watoto wakifa na wakipona, hawezi kusahau. Neno moja tu. Akalitamka yeye kwa midomo bila sauti, kumsaidia.

"Ahaa, Kwambutu," ikasema sauti ya Waziri. Matawi yalisikika yakivunjika; walikuwa wanatembea bega kwa bega. "Habari za Kwambutu?"

"Nzuri sana, Mheshimiwa."

"Fimbo tulizowagawia zinasemaje?"

"Nzuri sana, Mheshimiwa. Zinatukomaza."

"Mna tatizo lolote? Sema usiogope, nchi nzima inasikia."

Ndege wa porini wakasikika kwenye spika. Sikudhani alisikia pumzi ya Daktari ikipanda, ikafika juu, ikashuka.

"Hatuna tatizo, Mheshimiwa," akasema Daktari Nyange, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia au anayefurahi, spika hazipambanui. "Tunashukuru kwa kututembelea. Kama nafasi ipo, tunaomba picha ya pamoja."

Makofi yakapigwa porini, yaani uwanjani. Ikasikika sauti ya mtu akiwaambia wafupi wakae mbele.

Sikudhani alibaki amepiga magoti. Maji ya asubuhi yalikuwa bado kwenye nyasi, na kitenge kililowa polepole kuanzia gotini. Kivuli cha Bwana Chambuso kikaja kikasimama, na kiatu chake kikatua kando ya mpira, karibu uguse soli.

"Umeuona, mama?"

Sikudhani akainua uso, akamtazama, kisha akautazama mpira.

"Bado," akasema.